Viatu vya Msichana wa Kisimani

Mama mdogo wangu amekufa kila mwaka tangu mimi sijazaliwa, na kila mwaka anarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akilalamikia mgongo.

Anafia kwenye toroli. Ni lile kubwa la turubai lenye magurudumu manne, tunalosukumia mashuka machafu hapa kiwandani kwetu, kiwanda cha kufua nguo za hospitali na za mahoteli. Siku ya kufunga mwaka, mashine zikishazimwa, wafanyakazi wanaleta familia zao kwenye chumba cha pasi. Mashuka yanatundikwa kwenye kamba yawe kuta, toroli linawekwa katikati liwe kisima, na mchezo unaanza. Mchezo wenyewe ni mmoja siku zote, wa zamani sana, hata waliouleta hapa wameshastaafu. Kila mtu anajua unavyokwisha. Watu wanakuja kulia tu.

Kwa ambaye hajauona, ni hivi. Familia mbili zinagombania kisima. Kijana wa upande huu na msichana wa upande ule wanakutana hapo wakichota maji, wanapendana, wanakubaliana watoroke. Msichana anamwambia mwenzake, nisubiri hapa hapa, nafuata viatu, maana njia ni ya mawe na wewe umekuja peku. Kijana anasubiri. Kusubiri kwenyewe ni kudogo. Anaona ndoo ya msichana inaelea majini, anaamini mwenzake kazama, analia kidogo, anajitosa. Msichana anarudi na jozi mbili za viatu, yake na ya yule aliyeshindwa kutulia. Anachungulia. Anamsemesha kwa muda mrefu. Halafu anavipanga viatu ukingoni, jozi kwa jozi, na yeye anaingia.

Msichana ni mama mdogo. Kijana ni mumewe, baba mdogo, dereva wa gari letu la kusambaza mashuka. Walianza wakiwa wachumba, wembamba wote wawili. Siku hizi baba mdogo ana kitambi kinachomtangulia kuingia kisimani, na mama mdogo ana goti linalolia kama bawaba ya mlango. Kazini anamwita Dereva. Nyumbani pia anamwita Dereva. Kwenye mchezo tu ndiko anakomwita mpenzi, na baba mdogo anasema ndiyo maana hajawahi kuukosa.

Mwaka juzi mambo yaliharibika. Baba mdogo alijitosa vizuri, akatulia kwenye mashuka kama maiti anayejiheshimu. Mama mdogo akasema maneno yake, watu wakaanza kutoa leso, akapanga viatu, akainua mguu. Goti likagoma. Akabaki nusu ndani nusu nje, toroli likaanza kutembea, na marehemu akatoa kichwa akasema, "Shika breki, mama." Wakapita wote wawili mbele ya meneja na mkewe mpaka wakagota ukutani. Watu walivunjika mbavu. Mama mdogo hakucheka. Tulipofika mlangoni nyumbani akasema, kama anaongea na goti lake, "Basi. Mwakani viatu vina mtu mwingine."

Hapa kwetu nafasi ya mchezo haipigiwi kura, na meneja hana kauli. Aliye nayo anaishika mpaka mwenyewe aone imetosha, halafu anamkabidhi anayemtaka kitu cha ile nafasi. Cha msichana ni viatu, jozi zote mbili. Cha kijana ni kofia. Ukikabidhiwa, umekabidhiwa, hakuna kubishana.

Mimi nilijua viatu ni vyangu.

Nilikuwa na sababu zangu. Kwanza, umri. Yule msichana ana miaka kumi na sita na mimi nina kumi na sita. Pili, naishi kwa mama mdogo tangu nilipoacha shule darasa la sita nikaja kukunja mashuka, kwa hiyo maneno yote ya mchezo nayajua kwa kuyasikia jikoni. Tatu, mimi ni mtu mzima moyoni. Hilo nililiamini kabisa. Kazini wananiita Kimya, na ukiwa kimya watu wanadhani unawaza mambo mazito. Mara nyingi mimi nilikuwa nimenyamaza tu, lakini waliponisifia nikasadiki.

Sababu ya nne ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Baba mdogo naye alikuwa anaacha pamoja na mkewe, na alishasema kofia atamwachia kijana wa boila, anayechunga mtambo wa mvuke.

Kijana wa boila anaitwa Taratibu, kwa sababu neno lake ni hilo. Anautazama mshale wa mvuke, anaondoka, anarudi, anautazama tena, kama mtu aliyeacha mtoto amelala. Nilikuwa nimempenda muda mrefu. Mazungumzo yetu yalikuwa haya: "Habari," "Nzuri," na siku moja, "Sogea, hapo pana moto." Hilo la mwisho nililala nalo siku nyingi. Nililigeuza huku na huku nikaona lina mapenzi ndani yake. Nikikabidhiwa viatu, naye akivaa kofia, atalazimika kuniambia mbele ya watu kwamba hawezi kuishi bila mimi. Baada ya hapo, nilijiambia, mambo yatajipanga yenyewe.

Basi nikaanza kujiandaa. Nilifanya mazoezi ya kulia bafuni, mbele ya kipande cha kioo, nikiangalia chozi linashuka upande gani vizuri. Siku moja baba mdogo akagonga.

"Kuna mtu kafiwa humo ndani?"

"Hapana, baba."

"Basi toka, wengine tuna haja."

Siku ya kukabidhi ilipokaribia, wakati wa chai, msimamizi wa pasi alianzisha ubishi. Ni mama wa mikono minene, anapiga pasi huku anamtazama mtu mwingine na hajawahi kuunguza kitu.

"Mimi tangu zamani najiuliza," alisema. "Kati ya wale wawili, nani alikuwa na akili?"

"Hakuna," akasema fundi wa foronya, mzee anayeshona viraka kwenye kona yake. "Watoto watupu."

"Msichana alikuwa nayo," akasema mama mdogo.

"Akili gani, na yeye si kaingia kisimani?" akauliza fundi.

"Aliingia. Lakini kijana aliingia kwa sababu ya ndoo, na yeye aliingia kwa sababu ya mtu. Ndoo na mtu ni vitu viwili."

"Maji waliyokunywa ni yale yale, dada."

Baba mdogo alikuwa ameegemea mlango na kikombe chake. "Kijana alipenda zaidi," akasema. "Anayependa hana muda wa kukagua ndoo."

"Kuchungulia tu, Dereva. Kuchungulia kunataka muda gani?"

"Ningechungulia, ingekuwa sipendi."

Wanawake wakaangua kicheko, na mimi hapo nikaona zamu yangu imefika. Nikafungua mdomo, jambo ambalo kwenye chai halijawahi kutokea. "Hata msichana hakumpenda sana," nikasema. "Angempenda, asingemwacha pale akafuate viatu."

Mama mdogo akanitazama juu ya kikombe. "Hivyo ndivyo unavyomwona?"

"Ndiyo, mama."

"Haya," akasema, akamaliza chai yake.

Nilitoka pale nimeinua shingo, nikijua nimesema neno kubwa mbele ya watu wazima. Mchezaji aliyejifunga goli mwenyewe na kukimbia uwanja mzima akishangilia angenielewa. Taratibu peke yake ndiye aliyeongeza kitu. Alikuwa anarudi kwenye boila lake, akasema bila kugeuka, "Viatu navyo ni kupenda." Alikuwa amenipinga. Mimi nilisikia tu kwamba amenijibu.

Kesho yake mama mdogo akaniita tukunje mashuka. Kwa asiyeijua kazi hii, shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Kila mtu anashika pembe zake mbili, mnarudi nyuma, mnavuta mpaka kitambaa kilie "pa", mnakutanisha pembe, ndipo mnasogeleana na mmoja anampa mwenzake ncha zake. Halafu mnaachana tena. Kwa shuka moja mnakutana uso kwa uso mara kadhaa, na mashuka ni marundo. Mama mdogo na baba mdogo walijifunza mchezo hivyo, wakikunja. Wakivuta wanasema neno, wakikutana wanajibu.

"Sema yale maneno ya kisimani," akaniambia. "Ndiyo umerudi na viatu. Chungulia."

Nikachungulia sakafu, nikalia. Nililia vizuri sana, chozi lilishuka upande ule ule niliouchagua.

"Unalia nini?"

"Amekufa, mama."

"Nani kakwambia? Ndiyo kwanza umefika. Muulize."

"Nimuulize nini, na yeye amekufa?"

"Muulize kama maji ni ya baridi. Muulize kwa nini hakungoja. Muulize hivi viatu sasa vivaliwe na nani. Mtoto huyu halii mpaka amalize maswali, mwanangu. Akimaliza, ndipo anabaki hana kitu. Hapo sasa ni miaka kumi na sita, basi, hana pengine pa kwenda. Lakini mpaka hapo alikuwa mtu mzima kuliko kijiji kizima."

Akavuta, shuka likalia. Tukasogeleana, akachukua ncha zangu.

"Baba yako mdogo aliwahi kuniambia tutoroke," akasema, kwa sauti ya kuongelea sabuni. "Alikuwa amesimama hapo ulipo. Nikamuuliza, tutalala wapi? Akasema, mapenzi yatatuonyesha. Nikamwambia, sawa, yakishakuonyesha njoo unichukue. Akanuna. Akaenda. Nikakunja mashuka na watu wengine muda mrefu, na kila gari likilia nje nilikuwa naangusha ncha."

"Halafu?"

"Halafu akarudi na ufunguo wa chumba."

"Na ufunguo nikaupoteza siku hiyo hiyo," baba mdogo akasema nyuma yetu, akisukuma toroli. "Tukalala kwenye gari. Hilo huwa halisimuliwi."

Mama mdogo alijifanya hajasikia, lakini shuka lililofuata alilikunja mrama.

Kisha akaita, "Taratibu, njoo ushike huku."

Akajitoa, na mimi nikabaki nimeshika pembe zangu mbili na upande wa pili ameshika Taratibu. Sakafu ilikuwa na maji ya sabuni, mashine ya pembeni huwa inavuja. Tukarudi nyuma. Nilikuwa nimepanga kuvuta, kweli nilipanga. Lakini nilimwona ameinua macho kunitazama, miguu yangu ikaondoka. Nikamfikia kabla shuka halijanyooka. Katikati yake ikaanguka kwenye maji.

"Shuka la wodi," akasema, akiliangalia.

"Samahani."

Likarudi kufuliwa. Tukashika jingine. Nikajikaza, nikarudi nyuma, nikajiambia subiri, subiri, subiri. Neno la tatu nililimalizia nikiwa nimeshafika kifuani kwake. Shuka la pili nalo chini.

"Kwa nini unakimbia?" akaniuliza. Hakuwa ananikejeli, aliuliza kama anavyouliza mshale wa mvuke.

"Sikimbii."

"Unakuja kabla sijavuta."

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti cha fundi wa foronya, amelinyoosha goti lake, anatutazama. Nikajipa moyo kwamba anaona tunavyofaa pamoja.

Siku ya kukabidhi tulisimama wote chumba cha pasi. Mama mdogo akaja na boksi la viatu. Viatu vyenyewe ni vya zamani, vya ngozi, na kila mwaka anavipaka rangi mwenyewe, vya msichana na vya kijana, kwa mkono ule ule. Akanijia moja kwa moja. Nikanyoosha mikono. Naapa niliinyoosha, na watu wote waliiona. Akanipita, akaliweka boksi mikononi mwa Taratibu.

Hata msimamizi wa pasi aliiweka pasi chini.

Baba mdogo akaangalia kofia aliyoishika, akamwangalia mkewe, mkewe akamwonyesha kwa kidevu. Akanijia, akanivika. Ilinishuka mpaka puani. Ndani yake mlinuka jasho la miaka yake yote ya kufa.

"Mama, mimi ni msichana," nikasema kutoka humo ndani.

"Najua. Nilikuwepo ulipozaliwa."

"Watu watacheka," akasema msimamizi wa pasi.

"Mwaka jana walicheka na hatukuwaomba. Wakicheka tena, tumeshazoea." Halafu akaongea na wote, lakini alinitazama mimi. "Taratibu anavuta kwanza. Huyu anakuja kwanza. Mchezo unawataka wote wawili. Gauni na suruali ni kazi ya fundi."

Fundi wa foronya akasema kwamba gauni la mama mdogo kwenye mabega ya Taratibu atalipasua na kuliongeza kitambaa, wala si kazi kubwa. Taratibu alikuwa bado anaangalia ndani ya boksi. "Nitajaribu, mama," akasema. Basi. Mwanaume anapewa gauni, anasema nitajaribu. Mimi nilipewa kofia nikaenda kulia nyuma ya mashine ya kukaushia, na safari hiyo chozi halikuchagua upande.

Baba mdogo ndiye aliyenifuata. Akakaa juu ya rundo la taulo.

"Kofia si mbaya," akasema. "Imenilea."

"Wewe ni mwanaume, baba."

"Si hilo linalokuliza. Unalia kwa sababu umeambiwa huna subira, na ni kweli. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, na huyo huyo mama. Sijakua hata kidogo, na nimeoa vizuri."

"Taratibu hatanitaka."

"Hilo muulize yeye. Usiulize ndoo."

Nilipotoka nilimkuta mama mdogo peke yake kwenye meza ya pasi, anapiga foronya moja. Aliipiga, akaigeuza, akaipiga tena, ilikuwa imenyooka tangu mwanzo. Nikasimama upande wa pili wa meza. Ndipo nilipoelewa kwamba aliyeachia kitu siku ile si mimi, mimi sikuwa nimeshika chochote. Nilitaka kumwambia. Badala yake nikaichukua ile foronya nikaikunja, naye akaniachia.

Mazoezi tuliyafanya tukikunja. Kila neno langu la mapenzi nililisema mapema. "Siwezi kuishi bila wewe" inatakiwa isemwe shuka likiwa limenyooka, mimi nilikuwa naisema nikiwa njiani. Taratibu alikuwa anaingoja ipite, halafu anajibu lake polepole, na kila alipojibu nilikuwa nasahau linalofuata. Mashuka ya wodi yaliyorudi kufuliwa msimu ule yalikuwa mengi hata meneja akauliza kama hospitali kuna mlipuko wa ugonjwa.

Siku ya kufunga mwaka ikafika. Chumba kilijaa. Nikatoka na kofia iliyobanwa na pini za nywele, suruali ya baba mdogo imefungwa kwa kamba ya kuanikia, na watoto wakaanza kucheka. Taratibu akatoka na gauni. Watu wakacheka zaidi. Yeye akasimama kwenye kisima, akateka maji ambayo hayapo, akaniambia, "Umekuja peku. Njia ni ya mawe," na akanitazama miguu kama anaiona inavuja damu. Kicheko kikaanza kupungua, kwanza mbele, kisha nyuma. "Nisubiri hapa. Nafuata viatu." Akaondoka.

Nikasubiri.

Msimamizi wa pasi ndiye alikuwa na kazi ya kutupia ndoo ndani ya toroli, ili mimi niione, nilie, nijitose. Nilisimama pale, naangaliwa na watu wote ninaowajua, na yule mtu ameondoka kweli. Nilijua yuko nyuma ya shuka la tatu. Nilimwona miguu. Hata hivyo niliona kana kwamba harudi. Nikaruka.

Nikiwa chini ya mashuka ndipo ndoo ikanifuata, ikanigonga kichwani.

Nikasikia mtu anacheka, akanyamazishwa. Nikasikia baba mdogo kwenye safu ya mbele akimwambia mkewe kwa kunong'ona, lakini kunong'ona kwake ni kwa dereva, "Umeona? Hata ndoo hakuingoja. Huyo amenipita." Nililala pale na nundu yangu nikajua nimeharibu mchezo wa watu wote wale wa zamani, na wa mama mdogo.

Viatu vikaja. Taratibu alichungulia, nami kwa upenyo mdogo wa shuka nikamwona. Hakulia. Akauliza, "Maji ni ya baridi?" Akangoja jibu, kweli akangoja, mpaka nikakaribia kumjibu. "Kwa nini hukuningoja?" Akangoja tena. "Hivi viatu sasa vivaliwe na nani?" Aliuliza maswali yote ya mama mdogo, na katikati akauliza moja ambalo halimo: "Na ndoo je, ilikukosea nini?" Hakuna aliyecheka. Mtu fulani nyuma alipenga kamasi.

Kisha akavipanga viatu, jozi kwa jozi. Akainama. Nikasikia kitu kinasema "kwa" chini yangu, halafu upande wa pili, "kwa". Alikuwa anafunga breki. Mtu anakwenda kufa kwa mapenzi, anafunga breki za magurudumu yote, moja baada ya jingine. Ndipo akainua gauni lake akaingia.

Toroli halikusogea hata kidole. Watu walikuwa wanalia sasa, nilimtambua mama mdogo kwa sauti, maana hakuwahi kupata nafasi ya kuulilia mchezo huu akiwa nje yake. Na mimi nilikuwa maiti, nimefunikwa na shuka la wodi, na pumzi yake ikinigusa sikio. Nikafanya kama ninavyofanya siku zote.

"Nakupenda," nikamnong'oneza.

Taratibu hakutikisika. Nikaanza kufikiria kwamba sasa nimekufa mara mbili.

"Wewe umekufa," akasema. "Tulia. Nitakujibu kesho kwenye chai."

Watu walikuwa bado wanapiga makofi. Nikashika ncha ya shuka kwa mikono yote miwili, nikatulia.